Mwenye Pombe na Mwenye Hasira Hawashuki

Nyinyi mnaoanza kazi ya ustawi wa jamii, nawasalimu. Najua ni nyinyi mnaopaswa kuniamkia mimi, basi marahaba, tumemalizana.

Mimi ni Mama Shija. Kazi hii niliianzia Mhunze, wilaya ya Kishapu, nikahamishiwa Shinyanga mjini, nikaja kuimalizia kwenye kata moja ya machimbo upande wa Geita. Hapa nitaiita Mgungani, kwa sababu watu wake wapo hai na wana simu zenye kuona kila kitu. Sasa nimestaafu, nakaa Kagongwa, nafuga kuku wasiotaga, na muda wa kuwasumbua ninao.

Swali mnaloniuliza kila mnapopita hapa kwangu ni lile lile: pombe na kipigo cha wanawake vinahusiana vipi? Mnauliza huku mmeshika kalamu, kana kwamba nitataja dawa na kipimo chake. Mimi sijui kueleza hivyo. Ninachoweza ni kuwaeleza habari za Minza. Jina hilo si lake. Nilimwomba ruhusa, akasema, "Andika, mama, ila jina langu ulibadilishe, na uwaambie kwamba napika vizuri." Anapika vizuri.

Kabla ya Minza, niwape mambo mawili matatu ya kazi ambayo chuoni hamkuambiwa.

Usiende kwa mwanamke aliyepigwa kwa gari lenye maandishi ya serikali ubavuni. Mimi nilikwenda nalo nikiwa mgeni Kishapu, nikijiona afisa. Gari liliposimama, kitongoji kizima kilikuwa kimeshajaa uani. Yule mama alinitazama, akanionea huruma, akasema kwa sauti, "Karibu, mtaalamu wa kuku." Sikuwa na jinsi. Nilizungumzia ugonjwa wa kideri mbele ya umati mpaka sauti ikakauka. Nikaulizwa maswali, nikajibu. Mpaka leo kuna watu kule wanaoamini kwamba serikali iliwaletea bibi mifugo mzuri sana. Yule mama nilikuja kuzungumza naye baadaye kisimani, tukiwa tumejitwisha ndoo, na ndipo tulipofanya kazi ya maana.

Ukikaribishwa ndani, kaa karibu na mlango lakini usiuzibe. Mnaweza kuuhitaji wote wawili, wewe na mwenyeji wako. Mwamkie mama mkwe kwanza, hata kama umeshaambiwa kwamba ndiye mchochezi, maana usipomwamkia hutapewa hata kigoda. Na usimwulize mwanamke kwa nini haondoki. Swali hilo ameshajiuliza mara nyingi kuliko wewe, tena akiwa na watoto mgongoni. Mwulize anaogopa nini, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi wenu.

Aliyenifundisha kunyamaza ni Sista Agripina, muuguzi wa zahanati ya Mgungani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na chai yake aliinywa bila sukari kwa makusudi kabisa ili wageni wasirudi. Nilimwogopa mwaka mzima. Siku Minza alipoletwa na mkono umevimba, Agripina ndiye aliyeniita.

Nilipofika, Minza alikuwa amekaa kwenye benchi, na mumewe Lugendo amesimama nyuma yake akijibu kila swali kwa niaba yake. Lugendo alikuwa mchimbaji, kijana mwenye mabega mapana na adabu nyingi. Alisema mkewe ameteleza kisimani. Agripina aliitikia vizuri tu, akasema anahitaji vipande vya mbao vya kuufungia mkono ule mpaka wafike hospitali, hebu baba akavitafute. Lugendo akaenda, akarudi navyo. Agripina akavipima kwa jicho, akasema ni vifupi. Lugendo akaenda tena. Aliporudi, vilikuwa vinene. Mara ya tatu alimwambia aende kwa fundi seremala mwenyewe, yule wa mwisho wa senta.

Mlango ulipofungwa, Agripina akanionyesha viganja vya Minza. "Anayeteleza hujishika kwa viganja," alisema. "Hivi ni vizima. Mkono umevunjika hapa upande wa nje, pale mtu anapokinga kichwa." Kisha akanyamaza. Mimi nikataka kusema kitu, akanitazama, nikanyamaza pia.

Minza alivitazama viganja vyake, akasema, "Si yeye, mayu. Ni walwa."

Kwa Kisukuma mayu ni mama, na walwa ndiyo pombe. Na hapo ndipo palipokuwa na fundo letu lote. Kwetu ni nadra kumsikia mtu akisema fulani kampiga mkewe. Tunasema, "Pombe zilimzidi." Mwenyekiti anasema hivyo, mama mkwe anasema hivyo, na mpigwa mwenyewe anasema hivyo. Mpigaji akizinduka asubuhi naye anasema hivyo hivyo, kwa masikitiko, kama mtu aliyeibiwa. Kila mtu anakuwa amepata wa kumlaumu, na huyo wa kulaumiwa yumo ndani ya chupa, hawezi kuitwa barazani.

Minza hakutaka mumewe afungwe. Alikuwa na watoto wawili wadogo. Ng'ombe wa mahari yake walikuwa wameshatumika kumwolea kaka yake, na hilo kwetu mnalijua: binti akirudi nyumbani, watu wanaanza kuwatazama ng'ombe wa kurudisha. Alichotaka kilikuwa kimoja. "Mniondolee walwa tu," alisema. "Naogopa siku nyingine haitakuwa mkono."

Basi tukaiwinda pombe. Tulikaa na mwenyekiti wa kitongoji, mchungaji, na wazee wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Lugendo aliitwa, akakiri anakunywa gongo kupita kiasi, akasema anaacha kuanzia saa ile. Mimi niliandika kwa furaha. Hakuna aliyefikiria kumwuliza Agripina.

Sasa sikilizeni, na hili mlishike vizuri. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa muda mrefu hasimamishwi ghafla kama baiskeli. Lugendo aliacha kweli, na siku chache baadaye akawa anatetemeka, jasho linamtiririka, akaona siafu ukutani ambao hawakuwapo. Mchungaji alidhani ni mapepo, akaanza maombi. Minza akakimbia zahanati. Agripina alikuja na khanga begani, akasema maombi yaendelee lakini ndani ya gari, na gari lielekee hospitali. Kule walimtibu akatulia. Daktari alisema angeweza kufa. Kwa hiyo mlevi akiwaambia anaacha leo, mpongezeni, halafu mpelekeni kwa mganga wa hospitali kabla hamjapiga makofi.

Lugendo alirudi mzima, macho meupe. Msimu wote wa mvua hakuonja kitu. Alishuhudia kanisani, watu wakalia. Mgungani ilitajwa kwenye kikao cha wilaya kuwa mfano wa kuigwa, nami nikajinunulia kitenge kipya cha kuvaa kwenye mfano huo. Kilikuwa kitenge kizuri. Nikiri kwamba nilikivaa sana.

Minza alikuja ofisini kwangu siku ya soko, mchana kweupe, mtoto mdogo mgongoni. Alikaa karibu na mlango. Shingo alikuwa ameifunika kwa mtandio, na joto la siku ile halikuwa la mtandio.

"Mama," alisema, "leo hakunywa."

Sikumwelewa upesi. Nikasema, "Ni jambo jema."

"Leo hakunywa," alirudia. "Nilikuwa nazungumza na dada yangu kwenye simu, nikacheka. Akaniuliza nacheka na nani. Akanikaba."

Aliuondoa mtandio, nikaona alama za vidole.

Nimefanya kazi hii miaka mingi, na maneno yale sijayasahau. Lakini yaliyofuata ndiyo yaliyonifunza kazi. Minza alisema, "Zamani nilikuwa namsikia akija anayumba, nawabeba watoto nakimbilia kwa jirani. Sasa anakuja amenyooka vizuri. Nitajuaje?"

Tulimwondolea pombe, na tukamwondolea pia ishara pekee aliyokuwa nayo. Kipigo kilikuwa kimebaki pale pale kilipokuwa, kimekaa kwenye kiti chake. Ilikuwa ndani ya Lugendo, ile imani kwamba kicheko cha mkewe ni mali yake, na mkono wake ndio wa kukirudisha. Gongo ilikuwa mafuta ya taa tu. Moto ulikuwa umeshawashwa zamani, nasi tulimwaga mafuta tukarudi nyumbani kulala.

Msiniwekee maneno mdomoni mkasema Mama Shija kasema pombe haina hatia. Pombe ina mengi ya kujibu. Mwanamume mwenye tabia ya kupiga, akiwa amelewa anapiga zaidi, anapiga vibaya zaidi, na hasikii mtu anayemlilia. Bhangi na gongo zikikutana kwenye kichwa cha namna hiyo, wauguzi ndio wanaoitwa kushona majeraha. Tena wapo wanawake nao wanaokunywa ili wasiyasikie maumivu, na hao msiwahukumu, watibuni. Ninachosema ni kwamba ulevi una tiba yake na ukatili una yake. Ukitibu kimoja tu, kingine kitakaa kinakungoja.

Na jambo jingine la kushika: mwanamke akikuambia ameshikwa shingo, weka chini kila kitu. Usimwambie arudi kesho. Mkono uliovunjika unaonyesha hasira. Shingo iliyokabwa ni onyo la kifo. Mara nyingi haiachi alama yoyote, kwa hiyo msitafute alama, sikilizeni maneno.

Siku ile Agripina alimpima, akamwandikia barua ya kwenda hospitali, nami nikaenda naye dawati la jinsia polisi. Zamani tusingekuwa na pa kwenda. Kesi kama hii ilikuwa inapelekwa sungusungu, inaamuliwa kwa mbuzi. Pale dawatini tulimkuta binti mmoja askari, mdogo kuliko Shija wangu, aliyempa Minza kiti kwanza ndipo akamwuliza. Nilifurahi moyoni, nikasema kazi imepata watu. Minza hakurudi nyumbani. Tuliwachukua watoto, tukampeleka kwa shangazi yake hapa Kagongwa, mwanamke mjane mwenye duka la mchele na sauti ya kutisha. Lugendo alikamatwa, kesi ikafunguliwa, akatoka kwa dhamana.

Aliyemdhamini alikuwa Bakari, mtu wa Tabora, msimamizi wa duara alilokuwa akichimba Lugendo. Duara ni lile shimo lenyewe la dhahabu, refu kwenda chini, kuta zake zimeegemezwa magogo yanayoitwa matimba. Mtu anashushwa kwa kamba, na juu wanabaki wavuta kamba. Nilikwenda kule nikiwa nimefura. Nilitaka kumjua huyu anayemtoa ndani mtu aliyemkaba mkewe.

Bakari alinikaribisha kwenye gogo, akaniletea soda ya moto. Nikamwuliza, "Lugendo alipokuwa akilewa, aliwahi kukupiga?"

Akacheka. "Mimi, mama? Akilewa ndiyo ananipa shikamoo mbili mbili."

"Aliwahi kuja kazini amelewa?"

"Hapana. Hapa hakuna anayekuja amelewa. Tuna utaratibu." Akaonyesha kwa kidevu kijana aliyekaa mdomoni mwa shimo. "Yule mvuta kamba anawanusa. Mwenye pombe na mwenye hasira hawashuki."

"Mwenye hasira naye?"

"Huyo ndiye mbaya zaidi. Mwenye hasira anapiga nyundo ovyo, anagonga matimba, anatuangushia shimo wote. Mlevi ni rahisi, unamnusa. Mwenye hasira inabidi aseme mwenyewe."

"Na wanasema?"

"Wanasema, mama. Shimo linatisha. Huyo Lugendo ndiye hodari wa kusema. Anafika hapa asubuhi anakaa pembeni, ananiambia, 'Bosi, leo siko sawa, siingii.' Nampa kazi ya juu, anabeba mawe, kesho yake anashuka."

Niliiweka soda chini. Huyu mtu ambaye sote tulisema pombe zinamzidi, hasira zinamzidi, alikuwa anajijua kuliko nilivyokuwa nikijijua mimi. Alijua siku zake mbaya. Alijua kujizuia, kusema, na kukaa pembeni. Tofauti ilikuwa moja tu: kule shimoni, akikosea anakufa yeye.

Nilimweleza Bakari hivyo hivyo, bila kupamba. Aligeuka akalitazama duara lake. Yeye naye, nadhani, alikuwa na mke mahali. Akasema, "Mimi nilidhani namsaidia kijana wangu." Nikamwambia kwamba bado anaweza.

Wazee wa Lugendo hawakutaka kesi. Walikuja Kagongwa kwa shangazi, wakiongozana na baba yake Minza, tena wakiwa wameshakubaliana njiani. Lugendo atoe dume la ng'ombe kama faini, lichinjwe, watu wale, kesi ifutwe, mke arudi. Bakari alikuwapo kama mdhamini, Lugendo mwenyewe alikaa kwenye mkeka ameinamisha kichwa, nami nilikuwapo kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuniambia nitoke. Niliwaeleza kwamba kesi ikiwa polisi haifutwi kwa nyama. Waliitikia kwa heshima, wakaendelea kuzungumzia lile dume.

Minza alikuwa amekaa upande wa wanawake, mkono wake umeshaungana lakini umepinda kidogo. Nilikuwa nimemsimulia maneno ya Bakari wiki iliyotangulia, tukiwa tunachambua mchele. Siku hiyo aliendelea kutoa chuya tu.

Aliomba ruhusa ya kuzungumza. Baba yake akampa, akidhani atashukuru.

"Baba, shikamoo. Wazee, shikamooni," alisema. "Ng'ombe huyo mtamla nyinyi. Mkono na shingo ni vyangu." Alisema taratibu, bila kuacha. "Nimesikia kwamba kule duarani mwenye pombe hashuki, na mwenye hasira hashuki. Na anayeamua si yule anayetaka kushuka. Anaamua mwenye kamba. Mimi sirudi. Nakaa hapa. Akitaka kuwaona watoto wake aje mchana, shangazi akiwapo. Akija ana pombe, haingii. Akija ana hasira, haingii. Na kamba nashika mimi."

Mzee mmoja alianza kusema kuhusu mila, shangazi akakohoa, mzee akaacha. Baba yake Minza alikuwa anautazama ule mkono uliopinda. Nadhani hakuwahi kuutazama kabla ya siku ile, kwa sababu kila mara alipoulizwa habari za binti yake alijibu kuhusu ng'ombe. Mwishowe alisema, "Waliokwisha kuoa wameoa. Ng'ombe hawarudi kuulizwa." Kwa mtu wa namna yake, ile ilikuwa hotuba ndefu, na maana yake ni kwamba binti abaki.

Bakari akamgeukia Lugendo. "Utaratibu umeusikia," alimwambia. Lugendo akasema, "Nimeusikia, bosi." Bakari akamwambia, "Usiniambie mimi. Mwenye kamba yule pale."

Lugendo alinyanyua uso akamtazama mkewe, akasema amesikia. Nilimwona analia. Sikumwonea huruma siku ile, nawaambia ukweli. Huruma ilikuja baadaye, nayo ilikuja kwa kipimo.

Mahakamani alikiri. Akapewa kifungo cha nje, na sharti la kuhudhuria kliniki ya ulevi hospitali. Alirudia pombe mara moja, akaenda kliniki mwenyewe kusema. Siku hizo hakukanyaga Kagongwa. Bakari naye alifanya jambo ambalo mimi, pamoja na semina zangu zote, sikuwahi kuliweza. Kabla ya watu kushuka, alianza kuwauliza jana ulifikaje nyumbani, kama anavyouliza habari za matimba. Mwanzoni walicheka. Baadaye wengine wakaanza kujibu. Akajenga banda la turubai kambini, na aliyelewa au aliyechafukwa moyo akalala humo badala ya kwenda kwake. Walilipa jina la mzaha, banda la wasioshuka. Vijana walikuwa wanataniana, "Leo unalala wapi, bandani au nyumbani?" Utani ule uliokoa watu.

Sio wote. Yuko mmoja aliyehama machimbo ili asiulizwe, akaenda kumpigia mkewe mahali pengine, na yule mke nilimtafuta kwa njia zangu zote nikamkosa. Namkumbuka kila ninapopanda kitandani. Nanyi mtakuwa na wa kwenu wa namna hiyo. Msiache kazi kwa ajili yake. Fanyeni kazi kwa ajili yake.

Nanyi mnapoandika taarifa zenu, na najua sasa mnaandikia kwenye simu, msiandike "pombe zilimzidi." Andikeni nani alifanya nini kwa nani. Kisha, mstari wa chini yake, andikeni alikuwa amekunywa nini na kiasi gani, ili daktari ajue pa kuanzia. Viwe viwili. Mkivichanganya mtakuwa mnawinda chupa kama mimi na kitenge changu.

Majuzi nilipita kwa Minza. Sasa ana chumba chake mwenyewe na biashara ya mchele, na watoto wanasoma. Lugendo huja siku za mapumziko kuwaona. Watu wananiuliza kama watarudiana. Nimemwuliza Minza mara moja tu, akanijibu, "Mama, mimi sina haraka," na tangu hapo sijauliza tena. Mtu aliyeishi kwa kukimbizwa, raha yake ya kwanza ni hiyo ya kutokuwa na haraka.

Tulikuwa uani mchana, amenipa chai, yeye anapepeta mchele kwenye ungo, na binti yake mkubwa anamsimulia habari za mwalimu fulani zenye kuchekesha, nao wote wawili wanacheka kwa sauti. Tukasikia hatua nje ya ua. Mimi nilijikuta nimeshika kikombe kwa mikono miwili. Ni mazoea ya kazi, hayaishi kwa kustaafu.

Lugendo alisimama nje ya lango. Alikuwa mkavu, hana harufu ya pombe, amevaa shati safi, mkononi ana viatu vipya vya mtoto. Aliniamkia, nikaitikia. Akaviweka viatu juu ya jiwe la langoni.

"Mama watoto," alisema, "leo siingii. Nimegombana na mtu kazini, bado siko sawa. Nitakuja Jumapili."

"Haya," alisema Minza.

Hakunyanyuka. Hakugeuza hata shingo. Ungo uliendelea kupanda na kushuka mikononi mwake, makapi yakaruka upande, na binti akaendelea na habari za yule mwalimu kutoka pale pale alipokuwa ameishia.